Daftari Lililokamatwa Kizuizini

Mara nyingi tumewaandikia ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya utunzaji wa silaha, nidhamu ya zamu na heshima kwa raia. Leo tunawaandikia juu ya daftari. Si daftari la ghala wala la mahabusu, bali ni lile daftari la shule, lenye jalada lililolegea kwa jasho, alibebalo mjumbe wa afya wa kijiji juu ya baiskeli yake.

Sababu ya kuandika ni kisa kilichotupata sisi wenyewe, nasi hatuoni haja ya kukificha. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa maofisa wapya ambao kiatu cha chuo cha kadeti kilikuwa bado hakijatutoka mguuni, tulipewa kusimamia kizuizi cha barabara katika wilaya moja ya kaskazini mwa Uganda. Asubuhi moja koplo wa zamu alituletea kijana mwenye baiskeli. Ndani ya daftari lake tulikuta ramani. Njia zilikuwa zimechorwa kwa kalamu nyekundu, visima kwa miviringo, nyumba kwa miraba yenye nambari. Na katika kurasa zilizofuata yaliandikwa majina ya wenye nyumba, umri wa watoto wao, na idadi ya wanawake waja wazito. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu aliyechora ramani ya mahali penye askari ni mtu wa kuhojiwa. Basi tulimhoji. Alikaa chini ya mwembe tangu saa mbili asubuhi hata saa kumi jioni, na alipoachiliwa daftari lilibaki kwetu kwa uchunguzi zaidi. Maneno hayo kila askari ayajua maana yake. Lilitiwa sandukuni likasahauliwa.

Majuma matatu yalipita, ndipo alipofika mzee mmoja akifuatana na mwenyekiti wa kijiji. Hakupandisha sauti. Alisema, "Afande, lile daftari ndilo lililokuwa hesabu yetu ya vyandarua. Gari limepita. Vijiji vya jirani wamepewa, sisi tumeambiwa hatumo katika karatasi." Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Hatutasema ni watoto wangapi waliougua malaria katika kijiji kile msimu ule, maana hakukuwa na mtu wa kuwahesabu. Aliyekuwa na kazi hiyo tulikuwa tumemnyang'anya daftari.

Wajumbe wa afya wa vijiji walianzishwa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2001. Huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, hawalipwi mshahara, na kila mmoja hupewa kuangalia nyumba zipatazo 25 hadi 30. Wao ndio wajuao ni nyumba gani haina choo, mtoto yupi hajachanjwa, na mama gani amepitisha miezi yake bila kufika zahanati. Tangu mwaka 2010 wengine wao wamefunzwa hata kutibu malaria, nimonia na kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka 5. Mwaka huohuo wa 2001 serikali ilifuta ada katika zahanati na hospitali zake, isipokuwa katika wodi za malipo, na maskini waliokuwa wakijifia nyumbani wakaanza kujitokeza kwa wingi. Lakini kufuta ada hakufupishi njia. Mtoto azaliwaye mkabala na hospitali na mtoto azaliwaye ng'ambo ya mto usio na daraja hawaanzi maisha katika mstari mmoja, na pengo hilo halionekani kutoka mji mkuu mpaka mtu akae kijijini, aulize, ahesabu na kuandika.

Kuna wenzetu wadhanio kwamba uchunguzi wa namna hiyo ni shughuli ya wasomi wa Makerere na wageni wenye magari meupe. Tunawaomba wafikiri juu ya mnyoo wa Guinea.

Askari kijana wa leo huenda hajawahi kumwona mtu mwenye mnyoo huo. Wazee waliotumikia kaskazini zamani wanaukumbuka vizuri. Mtu hunywa maji ya dimbwi yenye wadudu wadogo sana waliomeza vimelea vya mnyoo. Hasikii kitu. Baada ya mwaka mmoja hivi, mguu hutoka lengelenge linalochoma kama moto, na mnyoo mweupe mfano wa uzi, ambao huweza kufika urefu wa mita moja, huanza kujitokeza. Hakuna dawa ya kuuua wala chanjo ya kuuzuia. Huviringishwa juu ya kijiti, vidole viwili leo, vidole viwili kesho, kwa majuma mengi. Na ukikatika ndani, mguu hutunga usaha. Mgonjwa akitaka kupoza moto ule huingia dimbwini, na hapohapo mnyoo humwaga vimelea vyake majini, na wote wanywao hapo huanza kuhesabu mwaka wao. Msimu wa maumivu mara nyingi ndio msimu wa jembe, kwa hiyo jamaa nzima hulala njaa kwa sababu ya mguu mmoja.

Sasa tazameni maradhi haya humchagua nani. Hayamchagui mwenye bomba. Hayamchagui anywaye kisima cha pampu, na kambi nyingi zina kisima cha pampu. Tena dimbwi na kisima huweza kuwa umbali wa risasi moja tu, upande huu askari wazima, upande ule wanakijiji wakitambaa. Mwaka 1992, wahesabuji walipokwisha kupita katika vijiji vya Uganda, walipata wagonjwa 126,369, karibu wote wakiwa katika wilaya za kaskazini. Kabla ya hesabu hiyo hapakuwa na mtu aliyejua ukubwa wa jambo hilo, kwa maana wagonjwa wenyewe hawakuweza kutembea hata zahanati ili waandikwe.

Vita dhidi ya mnyoo huo havikupiganwa na madaktari wakubwa. Katika kila kijiji kilichoathirika alichaguliwa mtu mmoja, mkulima kama wenzake, akapewa daftari, vitambaa vya kuchujia maji na bandeji. Kazi yake ilikuwa kujua habari ya kila mguu uliovimba, kumzuia mwenye mguu huo asiingie majini, na kupeleka hesabu kila mwezi. Madimbwi yalitiwa dawa ya kuua wadudu, visima vikachimbwa pale ambapo daftari lilionyesha kuwa shida ni kubwa zaidi, wala si pale ambapo mheshimiwa fulani alipenda. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya Uganda alionekana mwaka 2003. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Uganda kuwa nchi isiyo na mnyoo wa Guinea. Duniani kote, ambako mwaka 1986 walikadiriwa wagonjwa 3,500,000, mwaka 2024 waliandikwa binadamu 15 tu. Adui hajafa kabisa, kwani tangu mwaka 2012 amegunduliwa katika mbwa wengi wa Chad, jambo ambalo nalo limejulikana kwa sababu kuna watu vijijini waliotazama na kuandika.

Na wapiganaji wenzetu wana sehemu yao katika habari hii, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Jenerali Yakubu Gowon, aliyeongoza Nigeria tangu mwaka 1966 hadi 1975 na kupigana vita vikubwa vya nchi yake, aliingia uzeeni katika kazi ya mnyoo huu. Alikwenda kijiji kwa kijiji akiwataka magavana wachimbe visima, katika nchi ambayo hesabu yake ya kwanza ilikuwa imeonyesha wagonjwa zaidi ya 650,000; na mwaka 2013 Nigeria ikathibitishwa kuwa imesafika. Jenerali Amadou Toumani Touré wa Mali, baada ya kukabidhi madaraka kwa raia mwaka 1992, alifanya kazi hiyohiyo, naye akarudi Ikulu mwaka 2002 kwa kura. Hatujui cheo kinachozidi hicho, kwamba jenerali apige magoti mbele ya dimbwi aone wananchi wanakunywa nini.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Sudan. Mwaka 1995 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani zamani, aliwapatanisha wapiganaji wa pande mbili wakubali kunyamazisha bunduki ili wahudumu wa afya wapite. Mapigano yalisimama kwa muda wa karibu miezi sita. Katika muda huo viligawiwa vitambaa vya kuchujia zaidi ya 200,000 katika nyumba zenye mnyoo, watoto wakachanjwa, na dawa ya upofu wa mtoni ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika. Askari wa pande mbili waliokuwa wakiviziana porini waliwaacha watu wenye madaftari wapite katikati yao. Sisi, katika wilaya yenye amani, tulishindwa kumpitisha mmoja mwenye baiskeli.

Tutasemaje kuhusu Gulu? Oktoba 2000 ulitangazwa huko ugonjwa wa Ebola, na hata ulipomalizika Februari 2001 watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamekufa. Miongoni mwao alikuwamo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyebaki na wagonjwa wake mpaka ugonjwa ukamchukua, mwezi Desemba 2000. Jina lake linastahili kufundishwa katika vyuo vyetu vya kijeshi kando ya majina ya mashujaa wa vita, maana hakuondoka katika lindo lake.

Katika mapambano yale, watafiti waliokwenda kuzungumza na wazee wa Kiacholi walikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Wazee walikuwa na jina la maradhi ya namna ile, waliyaita gemo, na walikuwa na sheria zake tangu enzi za mababu. Mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine. Huhudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona. Mlangoni husimikwa fito za matete ili mpita njia ajue. Ngoma husimama, watu hawali pamoja, na watoto na wanawake wenye mimba hukaa mbali. Ukiyapima maagizo hayo na yale ya Wizara, huoni tofauti kubwa. Mwanzoni watu walikuwa wakiyakimbia magari ya wagonjwa, kwa sababu waliona ndugu zao wakichukuliwa na watu waliofunikwa uso, kisha hawarudi hata maiti. Walipokaa na kusikilizana na wazee, hofu ilipungua. Wale tunaotumwa kulinda mipaka ya eneo lililofungwa kwa ajili ya maradhi tungefanya vema kuuliza kwanza kama kijiji hakina fito zake chenyewe, kabla hatujaleta kamba zetu na viboko vyetu.

Tulikwisha kusema kwamba hatutaficha jambo, basi na hili tuliseme. Mwezi Julai 2005 Wizara ya Afya na mashirika ya kimataifa walichunguza vifo katika kambi za watu waliohamishwa na vita katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader. Walikuta kwamba kila juma watu wapatao 1,000 walikuwa wakifa zaidi ya kiasi ambacho kingetarajiwa, na sababu zilizotajwa kwa wingi zilikuwa homa ya malaria na ukimwi, kisha ndipo mauaji. Askari waliolinda kambi zile walikesha wakimtazama adui porini, na walifanya vema kukesha. Lakini adui mkubwa zaidi alikuwa ndani ya kambi, katika maji machache, vyoo vilivyojaa na vibanda vilivyobanana, na hakuna mlinzi aliyemwona mpaka wachunguzi walipopita mlango kwa mlango wakiuliza: nani amekufa hapa, na kwa nini?

Kwa habari ya ukimwi jeshi lenyewe halina haki ya kujifanya mgeni. Rais Museveni amesimulia mara nyingi jinsi mwaka 1986 mjini Harare Fidel Castro alivyomwambia kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa mafunzoni Kuba, 18 walikutwa na virusi. Uchunguzi wa watu 60 uliitikisa nchi nzima. Tangu mwaka 1988 watafiti wamekuwa wakirudi tena na tena katika vijiji vya Rakai, wakipima na kuuliza watu walewale, na kutoka kwao tulijifunza mengi, likiwamo lile lililothibitishwa mwaka 2007 hapo Rakai, na vilevile Kisumu nchini Kenya, kwamba tohara hupunguza kwa nusu hivi uwezekano wa mwanamume kuambukizwa. Hao hao ndio walioonyesha kwamba katika vijiji vya wakulima watu wazima wenye virusi walikuwa kama 14 katika kila mia, na katika vijiji vya wavuvi pwani ya Ziwa Nyanza, safari ya saa chache tu, walikuwa zaidi ya 40. Mkoa mmoja, hospitali ileile ya rufaa, lakini hatari imezidi mara tatu. Pengo hilo lilipokwisha kuandikwa, dawa, tohara na upimaji vilielekezwa kwa wavuvi kwa nguvu zaidi, na baada ya miaka michache maambukizo mapya katika vijiji hivyo yalishuka karibu nusu.

Mwaka 2017 askari wetu walipewa kazi ya ulinzi wa uvuvi katika ziwa hilo. Tunajua kwamba uhusiano wao na wavuvi si wa tabasamu kila siku, na yaliyo kweli katika malalamiko ya raia yana mahali pake pa kusikilizwa. Hapa tunataja jambo moja tu. Mvuvi aliyemkimbia askari mwaloni hawezi kuonekana siku ya kliniki ikiwa kliniki ipo mwaloni palepale na askari yule yule amesimama karibu nayo. Dawa za ukimwi hunywewa kila siku. Anayekimbia kwa miezi miwili amekatiza dawa miezi miwili, na virusi havijui kwamba ugomvi ulikuwa wa nyavu.

Tunayotaka kwa makamanda si makubwa wala hayahitaji fungu la fedha. Mjumbe wa afya afahamike kwa jina na sura katika kila kituo cha polisi na kila kizuizi cha eneo lake, kama vile afahamikavyo mwalimu mkuu. Kituo kinapobadilisha kikosi, majina hayo yakabidhiwe pamoja na funguo. Akikutwa na ramani, aulizwe kwa adabu, naye mwenyekiti wa kijiji aitwe saa ileile. Daftari lisichukuliwe. Ikiwa kuna shaka ya kweli, na shaka ya kweli hutokea mipakani, basi wasomaji wa ramani tunao kambini. Watahitaji nusu saa kutofautisha choo na mzinga. Na watafiti nao wasituone sisi ni ukuta. Wengine huingia wilayani bila kumwarifu mtu, wakauliza maswali usiku, kisha wakashangaa kuitwa. Wengine huchukua damu na majibu wakaondoka navyo, wanakijiji wasiambiwe hata neno moja la yaliyoonekana. Raia aliyehesabiwa mara tano bila kurudishiwa hesabu yake ana sababu ya kumfungia mlango wa sita, wala hapo askari hana wa kumlaumu.

Zahanati zetu za kambi nyingi huwatibu raia wa jirani, na hilo ni la kujivunia. Hata hivyo mlinzi wa lango bado ana uwezo wa kumrudisha mama mwenye mtoto mgonjwa kwa sababu tu hakuvaa viatu.

Turudi kwenye kile kisa. Baada ya mzee kuondoka tulilifungua sanduku, tukalitoa daftari, tukamwendea kijana nyumbani kwake sisi wenyewe. Alilipokea kwa mikono miwili, akafunua ramani kuona kama imechanika. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo siku ile ya kumhoji, kwa bidii yetu yote, hatukuliona. Katikati ya ramani, mahali pa kambi yetu na vibanda vilivyo nyuma ya ua wa kambi, hakuwa amechora kitu. Aliacha pameupe. Tulipomwuliza alisema kwamba aliogopa kuandika habari za jeshi.

Katika vibanda vile ndimo walimokaa wake na watoto wa askari waliokosa nyumba kambini. Hawakuwa katika orodha ya kambi, kwa kuwa hawakulala kambini, wala katika orodha ya kijiji. Hawakuwa na chandarua hata kimoja kilichohesabiwa kwa ajili yao, na kisima walichotumia hakikuwa kile chetu cha pampu. Koplo aliyemkamata kijana yule alikuwa na watoto wawili humo.

Kesho yake koplo huyo aliomba ruhusa ya siku moja. Alikwenda kumchukua kijana kwa pikipiki, wakapita kibanda kwa kibanda, yeye akiwaita akina mama kwa majina yao na mwenzake akiandika.